Kuwindisha kwa Ujira: Rizki na Hisabu Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na kila kitambaacho na kirukacho baina yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baad.

Siku chache kabla ya mwezi mtukufu wa Ramadhani alinijia mtu mmoja niliyemsomesha alipokuwa mtoto, na sasa ana watoto wake mwenyewe. Kwao ni Rufiji, na kwa miaka kumi na moja amefanya kazi katika kambi ya wawindaji wa kitalii, pembezoni mwa pori la Selous. Alianza kwa kuchota maji na kufua nguo za wageni. Akapewa kisu, awe anachinja ili Waislamu wa kambini wapate kula nyama. Kisha akawa mfuata nyayo, na leo ndiye msimamizi wa kambi nzima. Sasa mwenye kampuni amemwita na kumwambia: tia fedha, uwe mshirika wetu, upate fungu lako katika faida ya kila msimu. Baba yake yuko tayari kuuza shamba la mikorosho ili fungu hilo litimie.

Msikitini kwao wazee wamegawanyika. Mmoja amesema windo limehalalishwa na Qur'ani, basi hapana la kuuliza. Mwingine amesema chumo la watu wanaoua kwa mchezo ni haramu, basi hapana la kuuliza. Naye akanambia, "Maalim, kila mmoja amefunga mlango kabla sijaingia. Nimekuja unisaidie kujua hicho ninachotaka kukiuza ni kitu gani."

Suala hili limenikalia moyoni, nikaona niliandike, kwani si lake peke yake. Nyumba nyingi za pwani zina kijana aliye kambini, au dereva, au mpishi, au mwenye gari la kukodisha katika kazi hii. Na fedha zinazoletwa nyumbani ndizo zinazonunua unga na vitabu vya watoto.

Kwanza tuseme lililo dhahiri. Windo ni halali. Katika Sura ya Al-Maida Mwenyezi Mungu amelihalalisha, akalikataza kwa aliyehirimia Hija mpaka atoke katika ihramu yake, na akatuelekeza hata katika kula kile kilichokamatwa na wanyama tuliowafundisha kuwinda. Sahaba Adiy bin Hatim alikuwa mwindaji, akamwuliza Mtume (s.a.w.) masuala mengi ya mbwa na mishale, na Mtume akamjibu moja moja. Basi asimame mtu kusema kwamba kila mwindaji ni dhalimu, huyo amesema asilolijua.

Lakini dini iliyohalalisha windo ndiyo hiyo hiyo iliyoliwekea mipaka. Mtume (s.a.w.) amekataza kiumbe chenye roho kuwekwa kuwa shabaha. Imepokewa pia kwamba anayemuua hata shomoro pasi na haki yake ataulizwa juu yake Siku ya Kiyama. Na haki yake ikaelezwa kuwa ni kuchinjwa akaliwa, si kukatwa kichwa akatupwa. Wako wanavyuoni waliosema juu ya isnadi ya Hadithi hiyo, lakini maana yake imeshikwa na wengi. Amekataza kuliwa mnyama mkali mwenye vichonge, na amekataza kutumiwa ngozi za wanyama hao. Ndiyo maana maulamaa wakasema: kuwinda kwa ajili ya chakula au haja ni halali, kuwinda kwa pumbao ni makuruhu, na kuua bure, pasi na nafuu yoyote, ni haramu.

Basi ewe msomaji, mizani tunayo. Sasa na tukitazame kinachopimwa. Na hapa nilimtaka mwana wetu anifungulie hisabu ya kazi yake, kwani anayetoa hukumu juu ya biashara asiyoijua ni kama anayeuza samaki aliye baharini.

Kampuni ya kuwindisha haina mnyama hata mmoja. Wanyama ni wa umma, chini ya ulinzi wa serikali. Kampuni inapewa kitalu, yaani eneo la pori, na kwa kitalu hicho inalipa ada kila mwaka, wageni waje wasije. Kila kitalu kina mgawo wake: nyati kadhaa, pofu kadhaa, chui kadhaa, simba mmoja au wachache. Msimu unaanza Julai, mvua za masika zikiwa zimekwisha. Kabla ya hapo barabara zilizofunikwa na majani zifyekwe, madaraja ya magogo yafungwe upya, kambi isimamishwe, magari yatengenezwe, watu waajiriwe: mwindaji bingwa, wafuata nyayo, wachunaji ngozi, wapishi, madereva, askari wa kulinda pori. Fedha zote hizo hutoka kabla mgeni wa kwanza hajashuka kwenye ndege.

Na mgeni analipa malipo ya namna mbili yaliyo makubwa. Iko ada ya mnyama, anayoilipa kwa kila kichwa alichokiua, nayo huenda serikalini. Na iko bei ya siku, anayoilipa kwa kila siku aliyokaa kambini, nayo ndiyo ya kampuni. Lishike hili, kwani ndilo fundo la biashara yote. Faida ya kampuni imo katika siku.

Sasa, siku hizo zinauzwa na nani? Anayetaka nyati anaweza kukaa siku saba au kumi akaenda zake. Lakini sheria ya Tanzania imemtaka anayetaka simba anunue safari ya siku 21. Safari kama hiyo gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola. Ukizihisabu siku tangu Julai mosi hata mwisho wa Desemba ni 184. Ukizigawa kwa 21 hupati hata safari tisa. Basi wageni wachache wa simba ndio wanaobeba ada ya kitalu, mishahara, mafuta na faida. Ile roho moja ya simba, ambaye hakuna atakayeila nyama yake, ndiyo inayolisha kambi. Mwana wetu alilisema hili kwa maneno yake: "Maalim, nyati analipa chumvi. Simba ndiye analipa watu."

Hisabu ikisimama hivyo, huanza kuwaamrisha watu. Simba dume akiuawa akiwa kijana, wale watoto aliowazaa hawabaki salama, kwani dume mgeni atakayelitwaa kundi huwaua watoto wa mwenzake. Wataalamu walioandika mwaka 2004 walionyesha kwamba ikiwa wanaopigwa ni madume waliotimiza miaka mitano au sita tu, kundi linaweza kustahimili. Wakipigwa walio wadogo kuliko hao, kundi hufifia. Tanzania ikaweka kanuni ya miaka sita. Kanuni ni njema. Lakini mfikirie mfuata nyayo aliye juu ya mti siku ya ishirini, na dume amekuja kwenye chambo, na pua yake bado ina wekundu mwingi wa ujana. Mgeni amelipa. Kesho ndege inamchukua. Bakshishi ya watu kumi na tano imo mfukoni mwake, na kampuni inahofia atarudi kwao Marekani akawaambie wenzake kwamba kambi ile haina simba. Nani katika hao atakayesema, "Huyu ni mdogo, mwache"?

Nilimwuliza mwana wetu kama limempata. Akainama. Akasema limempata mara mbili, na mara moja alisema mwache, na mara moja alinyamaza.

Akanieleza na jambo la kisu. Mgeni akipiga nyati, Muislamu hukimbia na kisu amuwahi. Akimkuta na uhai uliotulia, akamchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, nyama hiyo ni halali bila shaka. Lakini mara nyingi wanafika nyati amekwisha kukata roho zamani, naye huambiwa, "Pitisha kisu tu, watu wale." Kisu kilichopitishwa juu ya shingo ya maiti hakihalalishi kitu. Ikiwa nyama hiyo italiwa, itakuwa kwa hukumu ya aliyepiga na kwa silaha aliyopigia, na hapo wanavyuoni wana maneno marefu ya kuulizwa. Ama kuwaonyesha watu damu ili wadhani pamechinjwa, huo ni udanganyifu katika chakula cha Waislamu, na wanaodanganywa ni wanakijiji waliofurahi kupata kitoweo.

Hata hivyo, haitakuwa insafu kusikiliza upande mmoja. Wenye kuitetea kazi hii wana hoja, na hoja yao ni nzito. Wanasema: pori lisilo na mwenye kulilipia halibaki pori. Mpelekee mtu wa kamera katika miombo mizito yenye mbung'o, mbali na barabara, uone kama atarudi mwaka wa pili. Mwindaji ndiye anayekwenda huko, na ada zake ndizo zilizolipia askari. Wanatoa mfano wa Selous yenyewe: mwaka 1976 palihisabiwa ndovu zaidi ya 100,000, majangili wakawamaliza mpaka miaka ya 1980 ikawa ya msiba, kisha nusu ya mapato ya uwindaji ikaachwa ibaki porini kwa ulinzi, na ndovu wakaongezeka. Ulinzi ulipolegea majangili wakarudi, na mwaka 2013 walihisabiwa ndovu wapatao 13,000 tu. Waliowamaliza hawakuwa wageni wenye leseni.

Na wanatoa mfano wa Kenya, ambayo ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Wataalamu waliohisabu wanyama wa nyanda zake waliona kwamba baina ya mwaka huo na 2016 wamepungua kwa kiasi cha asilimia 68. Marufuku peke yake haikuwalinda. Ng'ombe, mashamba na nyua ziliingia mahali pao.

Tena mtu wa Rufiji hahitaji kufundishwa na mtu wa mjini simba ni nini. Baina ya 2002 na 2004 simba waliwaua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya huko, wengine wakitolewa ndani ya vibanda walimokuwa wakilinda mashamba. Kumuua simba wa namna hiyo ni wajibu, na atakayemuua ana ujira kwa Mola wake. Mimi sisemi juu ya huyo.

Wala sisi watu wa pwani tusijione tumetakasika. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi pembe ya ndovu ni najsi, na najsi haiuziki. Lakini majumba mangapi ya mawe ya miji yetu yalisimama kwa pembe? Wako waliofuata kauli za maimamu walioitohirisha, na hilo tunawaachia wao na Mola wao. Lakini pembe zile zililetwa kutoka bara juu ya mabega ya watu, na wengi katika watu hao walikuwa watumwa. Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alipata utajiri na jina kubwa kwa pembe. Leo jina limebaki, na ndovu wa njia zile hawapo. Wazee wetu nao walisema ni biashara, wanunuzi wako Ulaya na Bara Hindi, na sisi tunaleta tu. Neno hilo, "tunaleta tu", ndilo ninalolisikia tena leo katika kambi za wawindaji.

Basi nini hukumu? Nimelitafakari sana, na nimeona tutenganishe mambo mawili ambayo watu wameyachanganya.

La kwanza ni kazi ya mtawala. Yeye ana pori kubwa, fedha chache na majangili wengi. Juu yake ni kutazama madhara mawili na kuchagua lililo jepesi. Akiona kwamba kuruhusu wanyama wachache wazee wapigwe ndiko kutakakowalinda walio wengi, hiyo ni ijtihadi yake, na ataulizwa kwayo. Pia ataulizwa kuhusu vitalu walivyopewa watu wasio na gari wala kambi, wakavikodisha kwa wageni kwa bei ya juu wakakaa mjini kula bure; na kuhusu sehemu ya mapato iliyopangwa irudi wilayani, ikiwa imemfikia yule aliyeliwa mahindi yake na nguruwe na jamaa yake na simba.

La pili ni mtu mmoja anayetafuta rizki. Huyu hawezi kuivaa kanzu ya mtawala. Ruhusa ya serikali inamwondolea kosa mbele ya hakimu, lakini haimwondolei suala la moyo wake. Imamu Ghazali, katika mlango wa adabu za kuchuma, ametaja kwamba wema waliotangulia walichukia mtu kufanya biashara ya sanda, kwa kuwa inamfanya angojee kufa kwa watu, na biashara ya nafaka, kwa kuwa inamfanya atamani bei ipande. Sanda ni halali. Bila yake maiti hazikwi. Nafaka ni halali; bila yake watu hawali. Lakini waliitazama kazi kwa kile inachoufundisha moyo kukitaka kila asubuhi.

Hiyo ndiyo mizani niliyompa mwana wetu. Nikamwambia: mwanangu, askari anayelinda pori huamka akitaka wanyama wawe hai, na mshahara wake ni wa baraka. Mpishi na dereva huamka wakitaka kazi yao iwe njema. Mshahara wao ni wa jasho, wajihadhari tu na kupika na kubeba kilicho haramu. Anayewindisha nyati na pofu kwa leseni, nyama ikachinjwa kwa haki na kugawiwa wanakijiji, huyo yumo katika windo lenye nafuu, ingawa mgeni amekuja kwa pembe. Lakini mshirika wa faida, katika hisabu uliyonionyesha, ataamka kila siku ya msimu akitaka simba afe. Na simba huyo haliwi, ngozi yake imekatazwa kutumiwa, hakumdhuru mtu, na anauawa ili kichwa chake kitundikwe ukutani mwa mtu wa mbali. Serikali inakiita kichwa hicho nyara. Nyara ni mali ya vita, nami sijui ni vita gani aliyotupiga simba yule aliyeitwa kwa chambo.

Akanambia, "Maalim, nikikataa mimi atatiwa mwingine, naye hatasema mwache hata mara moja." Nikamwambia: huo ndio mtihani wako, nami sikufichi kwamba ni mgumu. Kaa kambini kwa mshahara ikiwa unaweza kusema mwache na neno lako likasikiwa. Lakini siku utakapokuwa mshirika, kila mwache utakayoisema itatoka katika shamba la mikorosho la baba yako. Ulinyamaza mara moja ulipokuwa huna hasara ila bakshishi. Jipime utakavyokuwa ukiwa na deni.

Nikamkumbusha na jambo la dunia pia, kwani dini haikatazi akili. Rizki hii inategemea matamanio ya watu wa mbali na sheria za nchi zao. Mwaka 2014 Marekani ilizuia pembe za ndovu waliowindwa Tanzania zisiingie kwao. Tangu 2016 ikabana na vichwa vya simba. Vitalu vingi vikarudishwa kwa kukosa wageni. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na humo uwindaji haumo tena. Mkorosho haumwulizi mtu ruhusa ya kuzaa.

Hakunijibu siku ile. Tulisali Alasiri, akaniaga, akaenda zake. Baada ya Idi aliniletea salamu kwamba shamba halikuuzwa, na kwamba amemtaka mwenye kampuni amwache kwenye mshahara, na awe na neno la mwisho katika umri wa simba. Mwenye kampuni alikasirika, na mpaka ninapoandika hajamjibu. Huenda akapoteza kazi. Nampa dua, nawe msomaji mpe dua.

Ikiwa nimekosea katika hukumu hii, basi kosa ni langu, na mlango uko wazi kwa aliye mjuzi zaidi kunisahihisha. Lakini neno moja nalisema kwa wenye nyumba wote, wake kwa waume. Imesimuliwa kuhusu wanawake wema wa zamani kwamba mume alipotoka kwenda kuchuma, mke wake alimwusia ajihadhari na chumo la haramu, kwani wao wangeweza kuivumilia njaa lakini wasingeuvumilia moto. Leo sisi humwusia anayetoka asisahau sukari. Tuurudishe usia ule. Tumwulize kijana wetu anayerudi na fedha, kwa upole na bila kumtuhumu: kazi yako inakufanya utamani nini unapoamka? Akiweza kulijibu hilo mbele yako bila kuinama, mpikie, mle pamoja, na mumshukuru Mwenyezi Mungu.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.